Mbona Unguja na si Mombasa? Wanahistoria wanavobishana kuhusu mapinduzi

Asalam aleikum, shikamooni wazee, na nyinyi vijana mlokaa huko nyuma karibu na mlango hamjambo, najua mmekaa hapo ili mkichoka mtoke polepole bila mtu kuwaona, hakuna neno, mimi mwenyewe nlikuwa hivo hivo. Nimeambiwa nina saa moja na mwenyekiti hapa ana saa kubwa mkononi, kwa hivyo tuanze.

Naanza na meli. Usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 12 Januari 1964 Unguja ikapinduliwa. Sultani Jamshid bin Abdullah, kijana tu, ana miezi sita kwenye kiti, akapanda meli yake Seyyid Khalifa na jamaa zake, wakaja huku kwetu. Wakaja Mombasa, mji ambao bendera yake nyekundu ilikuwa ikipepea hapo Fort Jesus mpaka mwezi mmoja tu kabla, maana mwambao huu kwa jina ulikuwa wake. Serikali ya Kenya ikamkatalia kushuka. Meli ikageuza, akaishia Dar es Salaam, na huko ndo akapandishwa ndege kwenda Uingereza.

Sasa marehemu babu yangu alikuwa kibarua wa bandarini, na kila jioni alikuwa na baraza yake ya wazee wenzake, kahawa chungu na kashata, na mimi mtoto natumwa kurudisha vikombe. Hiyo story ya meli ilikuwa haiishi. Na kila ikifika kwenye swali la kwa nini Unguja ilipinduka, vita. Mmoja alikuwa yuwasema ni ardhi, karafuu za watu wachache na maskini anakaa chini ya mkarafuu si wake. Mwengine akimkatiza, ardhi gani wewe, watu walikuwa wakioana na kuzikana vizuri mpaka vilipokuja vyama, siasa ndo ilowaharibu. Wa tatu yeye hana maneno mengi, yuwasema ni watu wa nje, ni Okello, yule Mganda alokuwa mbele kwenye mapinduzi. Na kulikuwa na muuza kahawa, mtu kimya, hachangii, siku moja kaweka dele chini akauliza, "Na hapa mbona hapakutokea?" Wazee wakaangaliana. Halafu wakaitisha kahawa nyengine.

Nilipokwenda kusoma historia nkakuta maprofesa wa Paris na London na Marekani wamebishana miaka mia mbili maneno yale yale ya baraza ya babu yangu, tofauti ni kwamba wao wana tanbihi chini ya ukurasa. Kwa hivyo leo ntawaeleza ule ubishi wao, halafu ntarudi kwa muuza kahawa, kwa sababu naona swali lake ndo lilikuwa zuri kuliko yote na wasomi wengi hawalifiki.

Hadithi mlosomeshwa shule ni hii. Ufaransa 1789 kulikuwa na makabaila wenye ardhi na vyeo na misamaha ya kodi, chini yao wakainuka mabwanyenye, yaani wafanyabiashara na wenye viwanda, pesa wanazo heshima hawana, wakachoka, wakawapindua, na ubepari ukapata njia. Safi, yaingia vizuri kwenye karatasi ya mtihani. Asili yake ni Marx na wanafunzi wake, na kwa miaka mingi ndo ilokuwa ikisomeshwa hata Paris kwenyewe. Ukiichukua kwa juu juu ni nyepesi, lakini walioiandika vizuri hawakuwa watu wepesi. Georges Lefebvre, ambaye mimi nampenda sana kwa sababu alikaa na makaratasi ya wakulima maisha yake yote, aliandika 1939 kwamba pale palikuwa na misukumo minne ilofuatana: kwanza makabaila wenyewe walimkatalia mfalme, kisha mabwanyenye wakaingia, kisha watu wa mjini, kisha wakulima. Mwenzake Ernest Labrousse alikaa akahesabu bei za nafaka za karne nzima, na akaonyesha kwamba bei ilifika kilele siku zile zile za Julai 1789 Bastille, ngome na gereza la mfalme, ilipovamiwa. Mavuno ya 1788 yalikuwa mabaya, mvua ya mawe ilipiga mashamba mwezi wa saba wa mwaka ule, na mkate ndo chakula cha maskini wa Paris kama unga ulivo hapa. Hii ndo sababu ya kijamii kwa maana yake ya tumbo.

Akaja Muingereza mmoja, Alfred Cobban. Mwaka 1954 alitoa mhadhara London akasema hiyo hadithi ya mabwanyenye ni ngano, na mwaka 1964, mwaka wa Unguja huo huo, akatoa kitabu kizima. Alichofanya ni kazi ya karani tu. Alichukua orodha ya wajumbe wa Tabaka la Tatu, yaani wasokuwa makabaila wala mapadri, walokaa kwenye mkutano wa mfalme Versailles 1789, wale tunaoambiwa ndo mabwanyenye, akauliza kila mmoja, wewe kazi yako nini? Wafanyabiashara, wenye viwanda na watu wa mambo ya fedha walitoka kama asilimia 13 tu. Walobaki wengi wao ni mawakili, na maofisa wa serikali walonunua vyeo vyao. Ndio, kununua, vyeo vya mahakamani na vya kodi vilikuwa vyauzwa na serikali yenyewe na risiti unapewa. (Hapa kwetu ni bila risiti. Mwacheka, haya.)

Basi Cobban akauliza, huu ubepari uko wapi hapa? Wajumbe wenyewe si mabepari. Na ukigeuka upande wa pili wakuta makabaila wana migodi na viwanda vya chuma, na mfanyabiashara akitajirika cha kwanza anachofanya ni kununua shamba na cheo ili naye aitwe mkubwa. Pesa zao wote wawili ziko mahali pamoja. Mmarekani George Taylor mwaka 1967 akaligeuza jambo lote, akasema kwa ufupi kwamba siasa ndo ilotangulia, mabadiliko ya jamii ni matokeo yake. Akaja François Furet mwaka 1978, mwenyewe alishawahi kuwa mkomunisti, akasema mwaangalia matabaka bure, angalieni maneno, angalieni jinsi neno "taifa" na neno "watu" yalivopata nguvu mpaka kila mwenye kusema kwa jina la watu akawa na haki ya kumuondoa mwenziwe.

Mimi nlipokuwa chuo nlikuwa mtu wa matabaka, nna ndevu nna kila kitu, na Furet nlikuwa namwona msaliti. Sasa nshazeeka naona Cobban alihesabu vizuri lakini alihesabu ukumbi tu. Mkulima hakuwa mle ukumbini. Mkulima Julai ile alikuwa kijijini anachoma madaftari ya kabaila, yale yaloandikwa nani adaiwa nini, na alijua kabisa anachoma nini, alikuwa hachomi nyumba ovyo, alikuwa atafuta daftari. Wajumbe walipokaa usiku wa tarehe 4 Agosti wakafuta haki za kikabaila, walifuta huku wanasikia moshi. Sasa utanambia hakuna sababu ya kijamii pale?

Ila kuna kitu kimoja kwa upande wa kina Furet ambacho sikuweza kukikwepa. Timothy Tackett, Mmarekani, alisoma barua na shajara za wale wajumbe walizokuwa wakiwaandikia wake zao na marafiki, kitabu chake kilitoka 1996, na amekuta wengi walifika Versailles mwezi wa tano hawana habari ya mapinduzi. Ni watu wa heshima, wana mawigi yao, wataka kodi irekebishwe warudi nyumbani. Wakawa wanamapinduzi mle mle ndani, kwa wiki chache, kwa kubishana na kudharauliwa na makabaila na kuogopa jeshi la mfalme. Yaani yule mwenye kufanya mapinduzi hakuwepo kabla ya mapinduzi. Likumbukeni hili tukifika Unguja.

Waingereza nao wana ubishi wao, ntaupitia mbio kwa sababu wachekesha. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vya karne ya 17, mfalme kakatwa kichwa 1649, sababu nini? R. H. Tawney akaandika 1941 kwamba wenye mashamba wa daraja ya kati walikuwa wanapanda, wanatajirika, wakataka nafasi yao. Mwaka 1953 Hugh Trevor-Roper akasema hapana, wengi wao walikuwa wanashuka, wamefilisika, ndo maana wakakasirika. Wote wawili wahesabu mashamba. Tabaka ni hilo hilo na vita ni hivo hivo, mmoja aona wapanda mwengine aona washuka, na kila mmoja yuwasema hiyo ndo sababu! Ukiona sababu yafaa ikiwa juu na yafaa ikiwa chini ujue bado hujaipata.

Sasa kuna kundi jengine halikwenda kwa matabaka wala kwa maneno, lilikwenda kwa dola. Mkubwa wao wa zamani ni Mfaransa Tocqueville, aliandika 1856, akasema jambo ambalo mtu akilisikia mara ya kwanza ashtuka: mapinduzi hayaji pale watu wanapoonewa zaidi, yaja pale mzigo unapoanza kulegezwa, na serikali mbaya yapata hatari kubwa siku inapoanza kujirekebisha. Halafu akaja mwanamke Mmarekani, Theda Skocpol, mwaka 1979, akaweka pamoja Ufaransa, Urusi na China. Yeye ni mwanasosholojia lakini wanahistoria hawajamaliza kugombana naye. Alisema hasira za wakulima ziko siku zote, karne nenda karne rudi, kwa hivyo hasira peke yake haiwezi kueleza kwa nini mwaka huu na si mwaka jana. Lazima dola yenyewe ipasuke kwanza, imeshindwa vita au imefilisika. Ufaransa 1788 kama nusu ya matumizi ya serikali ilikuwa yaenda kulipa madeni, ilikopa kupigana na Waingereza kule Marekani. Nawaona mwaangaliana, mimi nazungumzia Ufaransa.

Na jeshi. Tarehe 14 Julai baadhi ya askari wa mfalme, wale wa kikosi cha Gardes françaises, walikwenda upande wa watu na mizinga yao. Bila wale Bastille ingekuwa hadithi nyengine.

Mungu ana maajabu yake, mwaka ule ule kitabu cha Skocpol kilipotoka, Iran ikapinduka. Shah, mfalme wa huko, hakushindwa vita yoyote, pesa za mafuta anazo, jeshi analo kubwa, na yakaangushwa yote na watu barabarani na mashekhe na kanda za kaseti. Mwaka 1982 mwenyewe akaandika makala akakubali kwamba haya mapinduzi yalitengenezwa na watu kwa makusudi, na imani na mtandao wa misikiti na bazari ulifanya kazi ambayo teori yake haikuwa imeipa nafasi. Nampa heshima sana kwa hilo, si wasomi wengi wa kurekebisha kitabu chao wakati bado chauzwa.

Haya, tuvuke maji twende Unguja.

Nambieni kama hamjasikia baraza ya babu yangu hapa. Michael Lofchie aliandika 1965, moto bado wafuka, akaweka uzito kwenye migawanyiko ya kikabila na rangi na jinsi uchaguzi ulivoikaza. Abdul Sheriff na wenzake wakaja miaka ya themanini na tisini wakasema hiyo rangi ni nguo, chini yake kuna mwili, nao ni tabaka: wenye mashamba ya karafuu, wafanyabiashara wenye kuwakopesha, na chini maskwota, yaani wanaokaa na kulima kwenye shamba la mtu, na vibarua. Jonathan Glassman mwaka 2011 akasema hapana, huwezi kuivua rangi kama nguo, kwa sababu wasomi wa pande zote mbili, kwenye magazeti yao, ndo walofundisha watu kuchukiana kwa asili, na yale maneno yakawa na nguvu ya kuua. Na upande wa tatu wa baraza, wa watu wa nje, upo na wenyewe. John Okello, Mganda alofika Pemba 1959, alijiita Field Marshal na alitoa kitabu chake mwenyewe 1967 ambacho ukikisoma wadhani alipindua nchi peke yake na ndoto zake. Historia rasmi nayo ilimpunguza mpaka akawa kama hakuwepo. Na 2010 Harith Ghassany akatoa kitabu kwa Kiswahili, mahojiano na wazee, ambacho chatilia mkazo mkono wa Tanganyika na watu walovuka kutoka upande wa Tanga. Mkikitaja kwenye baraza yoyote hapa mjini hamtalala.

Kila mmoja ana kipande cha ukweli na kila mmoja kuna kitu chamsumbua. Wa rangi yamsumbua Pemba. Pemba mikarafuu ilikuwa imetawanyika zaidi kwa wenyeji wenyewe, Mshirazi ana yake na Mwarabu ana yake, na Washirazi wengi wa kule walipigia kura upande wa vyama vya ZNP na ZPPP, upande uloitwa wa Waarabu. Kama ni damu tu mbona Mshirazi wa Pemba kapiga kura huku na wengi wa Unguja wakapiga kule? Na Babu, Abdulrahman Babu, katoka ZNP mwaka 1963 na vijana wake, wengine wao Waarabu, wakaunda chama cha Umma, na mapinduzi yalipotokea wakawa ndani. Wa tabaka naye yamsumbua kwamba walouawa wengi hawakuwa matajiri. Duka dogo kijijini la Mmanga, Mwarabu wa kutoka Oman, mtu auza chumvi na mafuta ya taa kwa kipimo cha kijiko, huyu ni bepari wa aina gani? Na hao hao Waarabu na Washirazi na Waafrika wenyewe si makundi ya tangu Adamu. Sensa ya 1924 watu maelfu kwa maelfu kule walijiandikisha Waswahili, ilipofika 1931 wakabaki wachache mno, jina limekimbiwa, watu wamejigawa kwenye majina mengine. Wakati wa vita vya pili vya dunia mgao wa chakula ukafuata asili ya mtu, kwa hivyo jina lako kwenye karatasi likawa ni mchele au si mchele. Hapo sababu ya kijamii na sababu ya siasa zimeshonwa uzi mmoja, wazitenganishaje?

Halafu hesabu ya kura, hii lazima niitaje. Julai 1963, ASP, yaani chama cha Afro-Shirazi, ilipata kama asilimia 54 ya kura na viti 13. ZNP na ZPPP kwa pamoja viti 18, wakaunda serikali. Miaka miwili kabla, uchaguzi wa Juni 1961, watu 68 walikufa kwenye fujo. Na huko mashamba, skwota aloonekana yuko upande wa chama kisicho cha mwenye shamba alikuwa afukuzwa, muhogo wake wabaki. Yule aloishi vizuri na mwenye shamba wake miaka ishirini akagundua kwamba ile nafasi yake ilikuwa ni hisani tu. Hii yenyewe ni sababu ya kijamii, ila ilikuwa imelala, na kura ndo ziloiamsha.

Sasa muuza kahawa wetu. Na hapa mbona hapakutokea?

Maana angalieni. Sisi tulikuwa na kila kitu. Utumwa Zanzibar ulipigwa marufuku 1897, huku pwani ya Kenya 1907, na walotoka utumwani wakawa maskwota kwenye mashamba ya mabwana wale wale au jirani zao. Frederick Cooper aliandika kitabu 1980 kuhusu jambo hili hili na akayaweka pamoja, Zanzibar na pwani ya Kenya, kwa sababu kwake ni story moja. Vibarua? Mombasa ndo ilikuwa mji wa vibarua. Bandari iligoma 1939. Januari 1947, tarehe 13, mji mzima ukasimama karibu siku 12, watu kama 15,000, bandari, reli, mahoteli, mpaka watumishi wa majumbani, kila siku wakutana uwanja waliouita Kiembeni wakisikilizana. Babu yangu alikuwepo. Alikuwa akituambia kitu cha ajabu kilikuwa ule ukimya, winchi hazilii. Unguja wao waligoma 1948, mwaka mmoja nyuma yetu! Chege Kibachia alokuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi alikamatwa mwaka ule ule wa 1947 akapelekwa kuzuiliwa mbali huko Baringo. Kwa hivyo ukiwa mtaalamu wa sababu za kijamii na umekaa mwaka 1948 ukiulizwa ni wapi patapinduka kwanza, ungesema Mombasa. Mimi ningesema Mombasa.

Na mtu atanambia, wewe walinganisha embe na nazi, Unguja ni nchi na Mombasa ni mji tu ndani ya nchi. Ahsante sana, hapo ndo nlipokuwa nataka ufike! Unguja dola yote ilikuwa imekaa mahali padogo, serikali ina mwezi mmoja, uhuru tarehe 10 Desemba 1963, na serikali hiyo changa ikaanza kuwaondoa polisi wenye asili ya bara, watu wamefunzwa bunduki, wajua kila mlango wa ghala, na wengi hawakurudi kwao, wamebaki hapo hapo mjini hawana kazi. Waingereza wakakataa kuja kusaidia. Ikatosha watu mia kadhaa, wengi na mapanga na pinde, kuchukua maghala ya polisi ya Ziwani na Mtoni usiku mmoja, na kufika asubuhi hakuna serikali. Huku Mombasa hata kama mji mzima ungeamka, ungechukua nini? Ungechukua ofisi ya PC, mkuu wa mkoa. Dola iko Nairobi, na ilikuwa imetoka juzi tu kupigana na Mau Mau.

Na kuna jaribio tosha, mwezi ule ule. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika waliasi kambi ya Colito, Dar es Salaam. Tarehe 23 Uganda, Jinja. Tarehe 24 hapa Kenya, kambi ya Lanet, Nakuru. Mishahara, na maofisa wa kizungu hawataki kuondoka. Malalamiko ni yale yale kote. Kenya majeshi ya Uingereza yalikuwa bado yapo nchini, yakaitwa, yakazima haraka. Basi serikali iliyomkatalia Sultani kushuka hapa yenyewe ilisimamishwa na bunduki za wakoloni siku 12 baada ya mapinduzi. Sijui kwa nini hatuzungumzii hili sana.

Na ile migomo ya bandari nayo ilibadilisha kitu. Cooper huyo huyo ana kitabu chengine, cha 1987, kuhusu bandari yetu. Wakoloni waliogopa kibarua wa siku, mtu anayefanya kazi leo na kesho hayupo, huna cha kumtishia nacho. Baada ya 1947 wakaunda tume ya Jaji Thacker (ndio, Ransley Thacker huyo huyo alokuja kumfunga Kenyatta Kapenguria), mishahara ikaongezwa, halafu miaka ya hamsini wakaanza kumgeuza kibarua awe mfanyakazi wa kudumu, awe na namba, awe na chama, awe na kitu cha kupoteza. Babu alipewa namba yake. Alikuwa aipenda, na alikuwa ajua kwa nini amepewa.

Sasa nikiri udhaifu wangu kabla hamjanishika nao. Hii hoja ya dola yaeleza kwa nini serikali ilianguka usiku mmoja. Haielezi yalofuata. Kuchukua ghala la Ziwani ni jambo moja, jirani kuingia kwa jirani ni jambo jengine, na idadi ya walouawa mpaka leo yabishaniwa na kila upande una hesabu yake. Kwa lile la pili sina budi kurudi kwa Glassman na magazeti yake, kwa maneno, kwa miaka ile wazee wenyewe wa Unguja waliyoiita zama za siasa. Nayo yanirudisha kwa maskwota walofukuzwa, kwa sababu maneno yale yalipandwa kwenye udongo ulokuwa tayari. Nikifika hapo huwa nakwama na huwa nasema hivo darasani. Lakini nimeacha kuuliza sababu ni ipi kana kwamba ni moja. Nauliza nani alikuwa na hasira, nani alikuwa na ufunguo wa ghala, nani alikuwa na maneno ya kuwaambia watu, na kila moja natafuta ushahidi wake mbali mbali, na kila mara naangalia na jirani ambaye hapakutokea kitu.

Mwenyekiti anionyesha saa. Haya, maswali.

[Mzee mmoja akauliza kuhusu Ibn Khaldun, mwanahistoria wa Kiislamu wa zamani, kwamba hawa Wazungu wote wamechelewa.]

Kweli kabisa mzee wangu, kitabu chake Muqaddima cha 1377 kina asabiya, ule mshikamano wa watu walotoka shida, wanaichukua dola, wanastarehe, mshikamano waisha, waja wengine. Na yuwasema dola yaenda vizazi vitatu, kama miaka 120. Najua unataka nihesabu. Wengi huandika kwamba Sultani Sayyid Said alihamishia makao Zanzibar 1840, ukienda mpaka 1964 ni 124. Nawaona mshashtuka! Lakini mzee wangu, Mabusaidi wa Oman, ukoo wa huyo Sayyid Said, ni wa tangu karne ya 18 na mpaka leo wako kwenye kiti Muscat, kwa hivyo hesabu hiyo tuinywee kahawa tu. Alilosema la mshikamano kuisha kwa wenye kutawala, hilo nalichukua.

[Msichana akauliza kama maandamano ya Gen Z ya 2024 yaliletwa na sababu za kijamii au za kisiasa.]

Wewe ndo ulikuwa barabarani, mimi nlikuwa na goti langu nyumbani naangalia simu. Tarehe 25 Juni watu waliingia bungeni, tarehe 26 Rais akasema hatii sahihi mswada wa fedha. Ntakwambia tu utazame nini. Watu watakuja kuandika kwamba ni umaskini, na umaskini upo, lakini umaskini ulikuwepo na 2014. Angalia nani walitoka: wasomi, wana digrii, wana simu, walioahidiwa. Tocqueville angekaa hapo hapo. Halafu uliza askari walifanya nini, maana hawakwenda upande wa watu kama wale wa Paris. Na tafadhali weka zile meseji zako, usifute. Tackett alipata barua za wajumbe kwa sababu wake zao hawakuzitupa.

[Bi mkubwa mmoja akasema, mwanangu umesema sana kuhusu Unguja, lakini maskwota wa huku mbona bado wako?]

Bi mkubwa, hili sikulifika na nlikuwa naliogopa. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilileta sheria ya hati za ardhi hapa pwani, watu waje wadai mashamba yao, na alokuja ni yule mwenye kujua kusoma karatasi na mwenye shahidi wa kumtetea. Ardhi ambayo haikudaiwa ikawa ya serikali. Wengi walokuwa wamekaa juu yake, Wamijikenda na wale walotoka utumwani, hawakupata hati. Uhuru ulipokuja zile hati ziliheshimiwa kama zilivo, na mkataba wa Oktoba 1963 baina ya Sultani, Kenya na Waingereza, ule uloiingiza mwambao ndani ya Kenya, ulizilinda haki za wenye hati. Unguja baada ya mapinduzi ardhi ilifanywa ya serikali na familia zikagawiwa eka tatu tatu. Huku skwota akaambiwa angoje skimu ya makazi. Babu yangu alikuwa na shamba la kukaa huko ng'ambo, la mtu, akapanda minazi yake kumi na saba, na alikufa anangoja. Minazi yenyewe ipo, mwaka jana nlikwenda nkaihesabu, imebaki kumi na moja, na mwenye hati simjui.